Makofi Mawili kwa Mzee Stefano

Kasulu, Jumamosi, Novemba 1997. Mvua imeacha, matope yamebaki.

Shajara, leo sijisifu sana. Nitajisifu kidogo tu, maana nikinyamaza kabisa utadhani naumwa.

Unajua kwamba pale misheni mpasua kuni namba moja ni mimi. Maji ya hospitali, uji wa wagonjwa, vyote vinachemka kwa mikaratusi iliyopita kwenye shoka langu. Na la Mzee Stefano, haya. Yeye alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, alipovuka kutoka Burundi akiwa kijana. Ndiye aliyenifundisha nilipotoroka darasa la sita.

Sasa Sista msimamizi anataka kununua mashine. Jana alitutuma wote wawili Kibondo, kwenye mradi wenye mashine za aina mbili, akasema nikirudi nimwambie tuchukue ipi. Mimi! Hesabu za mafungu zilinishinda, lakini kuni nazijua.

Ya kwanza inafungwa mbele ya trekta, kwenye ile mikono ya kupakia mchanga. Dereva anakaa juu kama mkuu wa wilaya, anaishusha, inalibana gogo palepale lilipolala na kulipasua. Mtu mmoja anatosha.

Ya pili ina injini yake na magurudumu mawili, pikapu inaivuta hadi yalipo magogo. Mmoja anaweka gogo, mwingine anavuta mkono wa chuma, na gogo linasukumwa kwenye kabari polepole, kwa nguvu kama ya jeki ya lori. Hapo ni watu wawili.

Nakiri, nilishachagua ya trekta kabla hatujafika. Nilishajiona napita kijijini Titye, wasichana wananipungia.

Lakini kuna jambo sijawahi kukuandikia.

Mzee Stefano haoni vizuri. Jicho moja limeingia ukungu, la pili linafuata. Mwaka mzima nimekuwa nikimsimamishia gogo, analipapasa kwa kiganja, ananiambia nisogee, ndipo anapiga. Sikumwambia Sista. Ikija mashine ya mtu mmoja, anayerudi nyumbani ni yeye, na ana wajukuu wawili wanaomtegemea.

Na ya watu wawili je? Akiweka gogo yeye, kabari itamla vidole. Akivuta mkono, vitaliwa vyangu, na mimi vyangu nimevizoea.

Tulipokuwa tunakula ugali wa muhogo, akaniambia taratibu, akiniita mwanawe kwa kilugha, "Chukua ya trekta, mwana wanje. Utapendeza kule juu."

Nikalirudisha tonge sahanini.

Sasa, sisi kwetu mkubwa anasalimiwa kwa makofi. Mimi nilishaacha, naona ushamba. Namrushia "shikamoo" ya haraka kama mtu wa Dar, na Dar yenyewe sijafika. Baada ya kula nikaomba tuijaribu ile ya pili. Mzee nikamsimamisha kwenye mkono wa chuma. Nikaweka gogo, nikarudi hatua moja, nikapiga makofi mawili makubwa.

Mikono inayopiga makofi haiwezi kuwa kwenye kabari.

Alielewa kabla sijaeleza. Akainamisha kichwa kama anayeitikia salamu, akavuta. Gogo likafunguka kama kitabu. Tukaendelea hivyo. Safari moja injini ilinguruma zaidi, kofi la pili likapotea. Hakuvuta. Alisimama tu, anasubiri, mpaka nikapiga upya.

Leo asubuhi nikamwambia Sista tuchukue hiyo. Nikamwaga sababu kama wakili: trekta la misheni linabeba maji na kulima, likiharibika kuni nazo zinalala. Akanisikiliza, halafu akauliza, "Na macho yake?"

Kumbe alijua siku zote.

Nikasema ukweli wote, na makofi pia. Mwisho akakubali, ila Jumatatu atatutazama kwanza tukifanya kwa ishara, bila mashine, na Mzee lazima aonwe na daktari wa macho atakapopita.

Nilipompelekea Mzee habari, hakunishukuru. Alinishika mikono, akavipapasa vidole kimoja kimoja kama anavyopapasa gogo.

"Kumi," akasema. "Nitavirudisha kumi."

Naogopa? Kidogo. Usimwambie mtu.

Ila Jumatatu nikimkuta pale kwenye magogo, sitamrushia shikamoo. Nitapiga makofi, hata kama mashine haijafika.