Kilichofutika Kimerudi

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, na mguu wangu umeacha kuuma. Sasa kaa kitako. Ile programu ya binti yangu, ambayo mafundi wa kompyuta wataitumia kuandikia programu zao, iko karibu kutoka. Najua, hata mwaka juzi nilikwambia hivyo, mumeo akacheka na kuuliza kama tunaiatamia. Mwambie basi: barua hii naiandika humo humo!

Kilichoichelewesha ni kwamba ilikuwa inameza kazi za watu. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, hakirudi. Mwenzake wa kazi alichoka akaondoka, na wiki iliyopita binti yangu aliniambia, "Mama, hili nalo likinishinda, naacha." Roho iliniuma, lakini sikumwonyesha.

Leo kanikalisha. "Andika chochote, mama." Nikakuandikia ukurasa mzima. Kidole kikagusa nisipopajua, barua yote ikapotea.

"Nimekuharibia!" nikapiga kelele.

Yeye akainamia kompyuta, uso umemkauka. Akabonyeza, akabonyeza tena. Barua ikarudi yote, mpaka nukta! Mtoto akaruka, kiti kikaanguka, tukakumbatiana tukilia kama wafiwa.

Imerudi pamoja na mistari juu ya mumeo, niliyoiandika kwa hasira kisha nikaifuta mwenyewe kabla barua haijapotea. Binti ananisihi niifute tena. Mimi? Nifute kazi ya mwanangu? Barua ile iliyorudi ndiyo ukurasa wa pili, na mistari imo humo. Msomee mumeo kwa sauti.

Dada yako,
mama wa fundi