Fundo Kwenye Mguu wa Ngazi

Jumatatu, 3 Februari
Mbao za saipras zimefika. Mbichi. Nimebonyeza kidole kwenye mkato, kikatoka na maji. Njoki hataki kusikia. Karakana hii ya Majengo baba alituachia sisi wawili, lakini yeye, dada yangu, ndiye mkubwa na wateja wanamjua yeye. Mimi ni wa randa na msumeno.

Anataka ngazi nne kufikia Alhamisi. Nikamwambia mbao mbichi ikikauka inapinda, misumari inalegea. Akacheka mbele ya wateja. "Muthoni, hata bwana yako alilegea akaenda. Piga randa."

Nimepiga randa. Namchukia.

Jumatano, 5 Februari
Ngazi ya tatu ina fundo. Kubwa kama kifuniko cha soda, katikati ya mguu wa kushoto. Hapo palikuwa na tawi, na nyuzi za mbao zimepinda kulizunguka. Mbao hubeba uzito kwa nyuzi zake. Zikikatwa njiani, hazibebi kitu.

Nilitaka kuitupa. Njoki akaleta gundi na unga wa mbao. Nikang'oa fundo lililolegea, nikaziba shimo, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Gundi haishiki mbao yenye maji. Nalijua hilo tangu nina miaka kumi na miwili.

Kazi ilitokea safi. Hata mimi ilibidi nipatafute pale mahali kwa ukucha. Nikajisifu kidogo. Naliandika hili nisije nikalikana.

Ijumaa, 7 Februari
Wafula amechukua ngazi. Yule mpaka rangi wa Mathare, mpole, husalimia hata paka. Amepata gorofa ya kupaka rangi mtaa wa Pipeline. Kati ya zote nne akachagua ile. Inang'aa kuliko nyingine.

"Fundi, hii umeikagua?" Aliniuliza mimi, si Njoki. Njoki alikuwa ananiangalia.

"Nimeikagua mwenyewe."

"Basi sawa. Wewe huwezi kunidanganya."

Akaibeba begani, akaenda akipiga mluzi.

Jumanne, 11 Februari
Ameanguka. Mkewe, Nekesa, alipiga simu saa nne asubuhi. Mguu wa ngazi umekatika yeye akiwa juu. Chini ni sementi. Nyonga na paja vimevunjika.

Njoki hakuuliza anaendeleaje. Aliuliza ngazi iko wapi. Akanituma Pipeline niilete kabla mtu hajaipiga picha. Nikaenda. Mlinzi alikuwa ameiegemeza ukutani. Imekatika pale pale. Kiraka changu kimetoka kizima, kama jino. Nikakitia mfukoni. Ngazi nikaifunga kwa kamba, nikairudisha.

Alhamisi, 13 Februari
Wodini. Njoki alinipa uji nipeleke, na maneno ya kusema. Sikuyahitaji. Wafula ndiye aliyeniomba radhi.

"Fundi, nisamehe. Nilipanda na mikebe miwili ya rangi. Nimeharibu kazi yako."

Nikasema pole. Nikamnywesha uji, kijiko kwa kijiko. Hatapanda ngazi tena, daktari amesema.

Nilipomweleza Njoki, akashusha pumzi. "Si amesema mwenyewe? Shukuru Mungu."

Jumatatu, 24 Februari
Wafula ametoka hospitalini. Njoki ana wazo: magongo ya bure kutoka karakana yetu, akabidhiwe Jumapili mbele ya kanisa, picha zipigwe.

"Yakate kwenye ile ngazi. Mguu mmoja bado mzima."

Nilidhani anatania. Hatanii. Haoni tofauti kati yangu na msumeno. Na amekosea wapi? Wiki tatu nimekata kila alichoniambia nikate.

Jumamosi, 1 Machi
Nimevunja kitanda changu. Mbavu zake ni mkaratusi ambao baba aliukausha kivulini miaka miwili kabla ya kuugusa. Mzito. Nyuzi zimenyooka mwanzo hadi mwisho, hakuna fundo hata moja. Ukiugonga unalia. Nimetengeneza magongo mawili.

Nimeyapeleka Mathare leo. Bila Njoki, bila picha. Wafula alikuwa amejilaza kitandani, Nekesa anafua mlangoni. Nikaweka kiraka juu ya shuka. Nikasema yote. Fundo, gundi, unga wa mbao, na jibu nililompa siku ile.

Wafula akakigeuza mkononi. "Kwa hivyo si mikebe."

"Si mikebe."

"Huyu mke wangu amenitukana kila siku kwa ajili ya hiyo mikebe. Nikanyamaza. Nilijua ni makosa yangu." Akanitazama. "Na wewe ukaninywesha uji."

Nekesa aliingia, povu la sabuni mikononi. Alikuwa amesikia.

"Acha magongo," akasema. "Wewe toka."

Jumatatu, 3 Machi
Njoki amebadilisha kufuli. Vifaa vyangu viko ndani. Anawaambia watu nina wazimu, ndiyo maana nilikimbiwa. Dada yangu wa tumbo moja.

Nekesa amepeleka mashtaka kwa chifu. Tumeitwa Alhamisi. Nitasema ya Njoki. Nitasema na yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesema. Njoki aliapa si yeye aliyepaka gundi. Ni kweli. Mkono ulikuwa wangu. Chifu ameandika majina yetu yote mawili na kesi inakwenda mbele. Nekesa hakunitazama hata mara moja. Naogopa.

Jumapili, 16 Machi
Ujumbe kutoka kwa Nekesa: mpira wa chini ya gongo umetoka. Basi, hayo tu. Nikaenda na kipande cha tairi na nyundo ya kuazima.

Hakuna aliyenisalimia. Wafula alikuwa kwenye stuli. Akanipa gongo akitazama ukuta. Nikapiga magoti sakafuni, nikakata mpira, nikapigilia misumari mitatu midogo. Nikamrudishia. Akaliegemea.

"Kaza zaidi."

Nikakaza.

Akatoka. Njia ya pale ni mteremko hadi mtoni. Akashuka hatua tatu, akapumzika, akashuka tena. Nekesa akafagia vipande vya tairi. Nikamngoja amalize mlangoni, kisha nikapita kwenda zangu.