Shikamoo ya Bwawani

Temeke, Dar es Salaam
8 Aprili, 1952

Kwa kaka yangu mpenzi, Nassibu bin Mwishehe, Tabora.

Kaka, shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta u mzima, na kile kikohozi cha baridi ya Tabora kimekuachia. Sie huku wote tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Makuli wa bandarini bado wanavigombania vitumbua vyake, naye hadi juzijuzi alikuwa akiwagombeza kama watoto wake wa kuzaa. Mdogo wetu Mwajabu pia anakuamkia, kutoka ndani.

Kabla hujaendelea, kama kuna mtu amekaa karibu nawe, inuka. Nenda ukasomee chooni ikibidi. Niliyonayo hayasomwi mbele za watu.

Mama ameniambia tayari umeomba ruhusa ya kuja kumwoza Mwajabu mwezi wa Shaabani, maana tangu Baba afariki walii ni wewe. Ngoma imeshaagizwa, kungwi ameshapewa kanga zake, mchele umo uvunguni mwa kitanda cha Mama. Yote hayo ni kweli. Lakini mengine Mama hayajui.

Unajua alivyo na mila zake. Mwali hatoki, haoni jua, mwanamume hamwoni, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mwajabu sasa ana mwaka na nusu mle chumbani. Baada ya mwezi mtukufu uliopita miguu ikaanza kumvimba. Akisimama, anashika ukuta. Nilipomwambia Mama, alinijibu kwamba mwali ni lazima awe mzito, na hata mie nilitoka vivyo hivyo. Kweli nilitoka hivyo, nikaanguka mbele ya ngoma, watu wakacheka, na wewe ulikuwapo. Nikaapa kwamba huyu haanguki.

Basi nikawa namtoa. Usipige kelele, kaka, soma kwanza.

Mama akishasali alfajiri hujitwika beseni lake akaenda bandarini, harudi mpaka jua limepanda. Nilimvika Mwajabu buibui la marehemu Bibi, nikamfunika uso, nikampa na bakora, tukapita uani hadi bwawani. Ulipoondoka lile bwawa la maji lilikuwa shimo tu nyuma ya mashamba ya mihogo. Siku hizi limejaa, na tuta lake limekuwa mahali pa watu kupunga upepo. Jioni Wazungu huja na mbwa wao, Jumapili Wahindi huja na watoto na mabirika ya chai, na alfajiri ni vijana wa mpira, wanalizunguka mbio. Wanawake wawili wa buibui hakuna anayewajali.

Siku ya kwanza alipiga hatua chache akaketi kwenye nyasi akalia. Nilidhani miguu inamuuma. Akasema hapana, ni upepo tu, alikuwa ameusahau. Tukawa tunakwenda kila tulipoweza, na kila nilipofungua mlango wa uani roho yangu ilikuwa mkononi.

Siku moja kijana mmoja aliyekuwa akikimbia alipunguza mwendo, akainama kwa adabu, akatuamkia. Alimwona Mwajabu na bakora yake, anavyojikokota, akadhani ni ajuza. Masikini Mwajabu akaitikia marahaba kwa sauti ya kukwaruza, mie nusura nizirai. Maana yule kijana nilikuwa nimemchungulia dirishani siku ya posa. Alikuwa Jamali. Jamali huyo huyo, karani wa bandarini, mchumba wake!

Nilimwambia mdogo wako kwamba hapo mwisho, hatukanyagi tena. Akanijibu kwamba nisipompeleka atakwenda peke yake. Alitaka kumtazama mtu atakayelala naye nyumba moja maisha yake yote, na ni mwali gani aliyewahi kupata nafasi hiyo? Tukarudi. Jamali akawa kila akitukuta anamshika mkono kumpandisha tuta, anamwambia bibi leo hujambo, bibi miguu inakaza. Mwajabu nyuma ya ukaya uliomfunika uso anatabasamu. Alikuwa ameanza kumpenda, kaka. Nakwambia wazi ili ujue kilichofuata kilimwuma kiasi gani.

Wiki iliyopita Jamali hakukimbia. Aliketi kwenye mawe karibu nasi, akamwomba bibi amwombee dua, kwa kuwa yeye hana mkubwa wa kumwambia. Akasema anaozwa mtoto wa watu asiyemjua. Akasema ana mwanamke Vingunguti, jina lake Rosalia, wana mtoto anayetambaa, na wazee wake wameapa kwamba binti wa bara, tena Mkristo, haingii nyumbani kwao. Ndiyo maana wamemtafutia mke. Naye amekubali ili wamwache. Huyo mke atakaa na mama yake, ampikie, amwogeshe, amkande miguu, na yeye ataendelea kulala Vingunguti. Alisema huyo atakuwa mke wa mama, si wake. Alisema hivyo huku analia, kaka, si mtu mbaya. Mie nilitamani kumsukuma majini.

Mwajabu alinyanyua mikono, akaomba dua kimoyomoyo, Jamali akaitikia amina akaenda zake. Alipotokomea, Mwajabu aliinuka, akaitupa ile bakora bwawani, akakimbia. Alikimbia tuta zima mpaka upande wa pili, buibui linapepea nyuma, nami nyuma yake namwita kwa kunong'ona kama mwizi. Nilipomfikia alikuwa anahema na kucheka na kulia, vyote pamoja. Nikamuuliza ameomba nini. Akasema ameomba apate sauti.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa amerudi mapema, mvua ilimfukuza. Tulipenya uani, akatukuta Mwajabu ana tope hadi vifundoni. Nikasema nilimsindikiza chooni akateleza. Mama aliitazama ile miguu. Tangu siku hiyo analala mlangoni kwa mwali, na vitumbua namwuzia mie.

Sasa uone tulivyonasa. Nikimwambia Mama habari za Rosalia, ataniuliza nimezipata wapi. Nikisema, basi mwali alikuwa nje, tena anashikwa mkono na mwanamume bwawani. Makungwi watamwimba Mama mpaka kaburini, na wazee wa Jamali watakana kila neno. Nikinyamaza, Mwajabu anakwenda kuwa mtumishi wa mama mkwe.

Umebaki wewe. Kaka, siku ya ndoa shehe atakutuma uingie chumbani ukamwulize mwali mara tatu kama amekubali. Sote twajua inavyokuwa. Mwali hujifunika, hulia kidogo, hunyamaza, na kunyamaza ndiko kukubali. Miaka sita iliyopita Baba alikuwa kitandani, ukaingia wewe kuniuliza mie. Nilikuwa nalia, na sikuwa nalia kwa haya. Ulisimama mlangoni ukauliza mara tatu, ukatoka ukawaambia nimekubali. Sikulaumu, ndivyo ulivyofundishwa. Lakini unajua nilivyorudi nyumbani kutoka kwa yule mume.

Mwajabu hatanyamaza. Ameniapia. Utakapomwuliza mara ya kwanza atasema hapana, na ya pili, na ya tatu, kwa sauti yake mwenyewe. Ndani tutakuwamo sisi tu, na nje watasikia utakalowaambia wewe. Basi nakuomba, kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, usitoke ukasema alinyamaza.

Wasalimie wote wanaokujali huko. Ukifika stesheni nitakuja kukupokea peke yangu, nikutazame uso, nijue umeamuaje.

Mimi dadako,
Chausiku binti Mwishehe