Sarafu Niliyoisugua

Jumatatu, 29 Novemba 1999
Nimemgeuza Babu, huyu mzee wa Kizungu ninayelipwa kumtunza, nimembadilisha shuka, nimemlisha uji. Nimemgeuza tena. Nje barabara kuu, na magari ya watu wanaokwenda kwingine. Mji wote huu wa Woodbridge naujua kupitia dirisha la jikoni. Nikigusa koti tu, Babu anaanza kupiga kelele. Anaogopa kufa peke yake. Mzee wa watu, simlaumu. Ila nimechoka.

Kaka Elia kapiga simu kutoka Machame. Mama anauliza kama nakuja Krismasi. Nimesema nina mitihani. Muongo mkubwa mimi! Chuo niliacha zamani, viza imekwisha. Nikitoka Marekani ndiyo basi, sirudi tena. Na nyumbani nitaingia na nini? Ukoo mzima ulinichangia.

Alhamisi, 2 Desemba
Sarafu ya Babu imefika kutoka Kanada. Ya fedha, ina meli. Ni ukumbusho wa watu wa kwao, Wanorwei wa kale, waliofika huko Kanada miaka elfu iliyopita wakajenga kijiji. Kaingojea tangu kiangazi. Imefungiwa kwenye kikasha cha plastiki na hata yeye haishiki. Anaitazama tu.

Jumapili, 5 Desemba
Karin, binti yake, hakuja kunipokea zamu. Kanisani sikwenda. Elia tena: Mama kalazwa, presha. Ananitaja kila saa. Wachaga wote mwezi huu wanarudi nyumbani, hata aliyeko Mtwara. Mimi nimekwama hapa na televisheni. Nataka kupiga mayowe.

Jumanne, 7 Desemba
Nikiwa na hasira nasugua. Mama katulea hivyo, sufuria zake unajiona uso. Leo nimesugua jiko, vijiko, mabomba. Kisha nikaitazama ile sarafu. Meli yote ina ukungu mweupe! Nikasema ngoja nimfurahishe mzee, nikaitoa kwenye kikasha. Majivu hakuna, nikatumia limao na dawa ya meno. Loo, ikang'aa!

Babu kaipokea, kaigeuza huku na huku. Kumbe ule ukungu ndio urembo wenyewe, umetiwa makusudi huko kiwandani. Ukishatoka haurudi. Kalia kama mtoto. Ardhi ingepasuka ningeingia.

Jumatano, 8 Desemba
Karin kaja, kafoka, kasema nitafute kazi kwingine. Nikafurahi! Angalau mtu ameniamulia. Babu akapiga kitanda ngumi, hataki mwingine. Karin akanywea. Jamani, hata kufukuzwa nimekosa.

Ijumaa, 10 Desemba
Babu kaniomba nimsomee karatasi iliyokuja na sarafu. Nimesoma. Wale watu walikaa miaka michache tu, wakafungasha, wakaondoka. Nikamuuliza, kwa hiyo walishindwa?

Akanishangaa. "Walirudi kwao," akasema.

Na wametengenezewa sarafu ya fedha! Hakuna aliyewauliza wamerudi na nini. Nimejifungia bafuni, nimelia mpaka pua ikaziba.

Jumapili, 12 Desemba
Nimempigia Elia. Nimesema yote. Digrii hakuna, mitihani hakuna, nikija nimekuja moja kwa moja. Nikamsikia akiwapigia kelele waliomo ndani: "Anakuja! Mwambieni Mama anakuja!" Kuhusu digrii hakuuliza chochote.

Babu nimemwambia jioni. Kageuza uso. Chakula hakugusa.

Jumamosi, 18 Desemba
Dada mpya wa kumtunza amefika, Mkenya anayeishi Langley Park. Nimemwonyesha namna ya kumgeuza bila kumwumiza bega. Begi langu liko mlangoni.

Babu hairudishi sarafu kwenye plastiki. Anasema imeshaharibika, sasa anaweza kuishika. Inakaa kwenye mfuko wa pajama, anaipapasa mchana kutwa.

Asubuhi kakataa kuguswa na dada. Kataka nimgeuze mimi, mara ya mwisho. Nimemgeuza. Nimemfunga kifungo cha mfuko, isidondoke.