Asubuhi Niliyokunyima Chai

Baba Ndunge wangu,

Leo nimepita Kambi Muru, pale ulipokuwa ukitengenezea viti vyako, nikacheka peke yangu hadi mama mboga akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nimekumbuka ile miaka ya tisini watu walipokuita mlevi, wewe ambaye hukuionja pombe hata kwenye harusi ya kaka yako.

Hali ile ilikujia asubuhi, kabla hujatia kitu kinywani. Unaamka umelowa jasho, unayumba, unatafuta mlango ukutani. Siku moja ulinitazama ukauliza, "Wewe mama, unataka nani hapa?" Na tulikuwa na watoto watatu tayari! Nikikunywesha chai yenye sukari nyingi unarudi kuwa wewe, unashangaa kwa nini nalia. Jirani yetu Mama Akinyi alishatoa hukumu: "Hiyo ni chang'aa, wacha kujidanganya." Mzee wa kanisa naye alikuja kukuombea, lakini alikunusa kwanza.

Hospitalini walisema kila mara kwamba damu yako haina neno. Ningekutoaje nyumbani na tumbo tupu? Nilikushibisha uji na chai, nikakufikisha kwao ukiwa mzima kabisa. Ndipo tukampata yule daktari msichana aliyeuliza, "Kabla mje hapa, amekula nini?" Nikamtajia kila kitu, tena kwa maringo. Akatabasamu, akakulaza wodini.

"Mama, kuanzia jioni hii hakuna chakula. Maji tu. Na wewe usimpe kitu, hata akikulilia."

Nilikuwa na glukosi nimeifunga kwenye leso, maana sikumwamini. Asubuhi jasho likaanza. Ukawa unaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, ukanisukuma nilipokushika. Niliogopa kwamba safari hii hutarudi, kwamba nitakaa hapo nikikutazama ukiniacha huku sukari ninayo mkononi. Nilimchukia yule msichana, sitakuficha.

"Ngoja, mama. Kidogo tu," akasema. Akavuta damu, na papo hapo akakutilia maji ya sukari kwenye mshipa. Ukatulia, ukasema una njaa.

Damu ile ndiyo iliyosema. Sukari ilikuwa chini kabisa, na insulini, ile inayoishusha, ilikuwa ikimwagika bila breki. Kwenye kongosho lako, nyuma ya tumbo, kulikuwa na kivimbe kilichoitengeneza bila kuuliza mtu. Chai yangu ilikuwa inakuokoa na kukificha kwa wakati mmoja. Daktari alisema ni ugonjwa wa nadra, ndiyo maana wengi hawaufikirii. Hadi siku ya upasuaji walikulisha kila mara, ukanenepa mpaka suruali zikagoma. Picha hazikukiona kivimbe. Daktari wa upasuaji alikipapasa kwa vidole, kidogo kama harage, akakitoa. Kwako hakikuwa saratani, na hakikurudi tena.

Baadaye tulihamia mtaa wa Satellite, ukazeeka vizuri, ukanibishia kila jambo hadi ulipoondoka kwa uzee wako. Watu wananipa pole, nami nazipokea. Lakini nikikukumbuka mara nyingi nafurahi, na asubuhi ninayoipenda zaidi ni ile ya kwanza baada ya kidonda kupona. Nilikuwa macho nikisubiri jasho. Wewe ukaamka, ukavaa viatu, ukasema, "Mama Ndunge, nimechelewa, nitakula huko kazini," ukatoka ukipiga mluzi. Nilisimama mlangoni nikakutazama unavyoruka mitaro bila kuyumba mpaka ukapotea. Kisha nikarudi kitandani nikalala hadi mchana, na watoto wakadhani sasa mgonjwa ni mimi. Sikuwa mgonjwa. Hofu ilikuwa imeniisha.

Pumzika, mume wangu. Ile miaka uliyoongezewa ilinitosha.

Mkeo,
Mama Ndunge