Ile ya Moto na Ile ya Makelele

Nchelenge, mwezi wa kumi unaisha

Yaya yangu Espérance, dada yangu mukubwa,

Kama barua hii inakukuta umekaa, baki umekaa. Nakusalimia wewe, bwana yako mulamu wangu, na batoto bote. Muko namna gani mule Lubumbashi? Na mama, mugongo yake iko namna gani, ao angali anabisha kama hana kintu? Siye hapa tunapumua. Nakuandikia pa benchi ya lopitali, karatasi iko pa magoti, usicheke maandishi. Mutoto yangu Nadège amelala hapa pembeni, banamutia maji mu mushipa. Eko muzima. Nimeanza na ile neno sababu nakujua, unasomaka barua mbio-mbio unatafuta tu kama kuko kilio. Hakuna kilio. Mais tulikaribia, yaya, na niko na woga, njo maana nakuandikia.

Unakumbuka ile kazi nilipata mu biro, ile ofisi ya bazungu, ya kuandika mu mashini bitabu bidogo bya afya, Kiswahili upande moja, Kibemba upande ingine. Kwa ile kazi njo banatuacha kukaa hapa, karibu na lopitali. Benzetu bengine tulivuka nabo ziwa tukikimbia vita, kamyo inababeba kuenda mu kampi ya bakimbizi, mbali mu pori, kule dawa ni ya kichwa tu. Nadège na ile ugonjwa ya damu alizaliwa nayo, krize, yale maumivu yake, ikimushika mu mifupa kule, nani atamuwekea damu? Donc kazi ikikatika, siye pia tunapanda kamyo. Njo kintu moja nilikuwa nawaza tangu asubuhi mpaka mangaribi.

Sasa sikia. Chumba tulikuwa tunatumikia mu biro, paa yake ilianguka upande. Muzungu yetu, mama mumoja mupole, akatuita mimi na Floribert, ule mwenye kuchora mapicha ya bile bitabu. Akaweka pa meza ordinatere mbili, kompyuta zile za kubeba mu mukono, akasema kila mutu atatumika kwake, na mimi nichague wa kwanza. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito sawa jiwe ya kusagia, na mu mbavu yake kuko kitundu cha kupuliza hewa. Tangu unaiwasha mpaka unaizima inalia vuuu. Mais ukiigusa, iko baridi. Ya pili ilikuwa kidogo, nyembamba, haina sauti hata ya nzi. Ile nilishika chini yake, nikatoa mukono mbio, sababu ya moto.

Floribert akanipiga kiwiko. «Chukua kubwa, bibi. Moto inaua mashini. Makelele haiue mutu.»

Nikachukua kidogo. Bakacheka mule biro, ati mwanamuke anapenda kintu kizuri cha kutembea nacho. Hakuna mutu aliniuliza sababu. Wewe ulilala na Nadège, unamujua. Batoto bengine bakiumwa banalia mpaka mutaa muzima inasikia. Yeye krize ikianza anasaga meno tu, na anapumua kwa pua, fupi-fupi. Kama masikio yako haiko pale, utakuta amekauka tayari. Na siye tuko na chumba moja, mi pa meza, yeye pa kitanda nyuma yangu. Na ile vuuu, ningesikia meno ya mutoto namna gani? Njo hesabu nilifanya, na mpaka leo sioni nilikosea wapi.

Mwanzo tulikaa bien. Naandika, nasikia pumzi yake, nasikia hata akigeuka. Na yeye alipenda ile mashini kunipita. Nikipumzika anasema, «Mama, leta moto.» Namuwekea pa magoti, juu ya kitenge, pale mifupa inamuuma, na anafunga macho. Muzungu angetuona angeanguka. Nilikuwa nacheka peke yangu, bengine banapewa ordinatere kwa kuandika, siye tunakandia nayo mutoto.

Kisha joto ya mwezi wa kumi ikaingia. Bati inalia juu ya kichwa, ziwa iko pale inang'aa na haikupatii hata upepo kidogo. Mashini ikaanza kuzimika yenyewe. Uko katikati ya maneno ya kuharisha, fya, kioo nyeusi, na yote haukuweka mu disketi imekwenda. Unangoja ipoe, unawasha, unaandika kidogo, fya. Nilikuwa naitukana sawa mulume mulevi. Na kamyo ya kupeleka kazi Lusaka ilikuwa inakaribia, na muzungu alituambia wazi, kazi ikikosa ile kamyo, bakubwa bake batafunga biro.

Mwenye nyumba yetu ni Bana Chanda, mwanamuke wa kuuzisha samaki, anajua Kiswahili ya soko tu, anachanganya na Kibemba. Akaingia, akashika mashini, akatikisa bidole. «Mayo, iyi iko na mulilo, moto mingi. Samaki ikipata moto hivi, kesho inaoza. Weka barafu, mukwai.» Tena usicheke. Mi nimekomaa Pweto, maisha yote naona samaki zinalala mu barafu zinafika mbali na macho inang'aa. Nikaona ni akili. Akanikatia barafu mu sanduku yake ya samaki, nikaifunga mu plastiki nguvu, nikaweka pa sahani, mashini juu. Yaya, ilitumika muchana muzima bila kuzimika. Nadège tu njo aliuliza, «Sasa miguu yangu itapata moto wapi?» Nikamuambia avumilie mpaka kamyo ipite.

Kesho yake mashini ikatoka jasho. Matone chini yake, matone pa kioo, kisha mistari, kisha harufu ya kuungua. Ikakufa mu mikono yangu. Na plastiki ilikuwa nzima, hakuna kitundu. Floribert njo alinielezea, maji ilitoka mu hewa, sawa pa chupa ya bière ikitoka mu frigo. Ile ya chupa naijua tangu utoto, yaya, na haikuniingia mu akili kama mashini iko hivyo pia. Nikakaa chini pa sementi, nikalia na kamasi.

Floribert alikuwa amemaliza mapicha yake, akaniletea ile kubwa. Hakusema «nilikuambia». Angesema, ningemupiga. Kazi ile iko mu disketi ilipona, ingine nikaanza upya. Na vuuu ikajaa mu chumba mpaka sikusikia hata kuku ya Bana Chanda pa mulango. Kila mara naruka, naenda kuangalia mutoto, narudi, nimesahau nilifika wapi. Kazi haiendi. Mwisho nikapasua kitenge yangu ya zamani, ile ya maua uliniachia. Ncha moja nikafunga ku mukono ya Nadège, ingine ku mukono yangu ya kushoto. Nikamuambia, ukiumwa, vuta.

Alivuta mingi, kwa muchezo, aone kama nitageuka. Nikageuka, nikageuka, kisha nikachoka. Nikamuambia kwa ukali, «Usinivute bure, tukikosa kamyo banatuondoa hapa.» Akasema ndiyo mama. Ni mutoto wa kutii, unajua.

Siku ya mwisho hakuvuta. Tangu asubuhi kitambaa kimetulia, nasikia tu uzito wake kidogo ku mukono, nikajisemea amelala, asante Mungu. Niliandika sawa mutu anafukuzwa. Nikamaliza, nikaweka mu disketi, nikazima mashini. Chumba ikanyamaza, na mu ile kimya nikasikia meno.

Nikageuka. Ncha ya kitambaa ilikuwa imefungwa ku muguu ya kitanda. Aliifungua mwenyewe ku mukono yake na akaifunga pale, fundo mbili, namna ulimufundisha kufunga biatu. Shuka yote ilikuwa maji ya jasho, mudomo wa chini amejiuma mpaka damu. Nikamuuliza juu ya nini, Nadège, juu ya nini. Akasema, «Niliogopa nitavuta.»

Nikamubeba, nikaita Bana Chanda.

Bana Chanda akatoa bikapu bya samaki pa kinga yake, ile baiskeli ya soko, tukamukalisha pale, yeye anasukuma, mi namushika mugongo, mpaka lopitali. Damu yake ilikuwa imeshuka sana. Balimuwekea ingine. Muganga anasema hii mara atapona. Hii mara, njo neno alisema, na nalirudilia mu kichwa kila dakika. Floribert alipeleka disketi, kamyo imeenda nayo, na biro wanasema bitabu bingine binakuja. Donc tutabaki hapa, karibu na lopitali, sawa nilivyotaka. Na mashini iliyobaki ni ile ya makelele.

Siombi nguo, siombi dawa. Naomba masikio. Nina mikono ya kuandika lakini masikio yangu yameisha, na mutoto amejifunza kunificha maumivu. Kuja, yaya. Hata mwezi moja, ukae pale pa kitanda nyuma yangu, tena ukuje na ubishi yako yote. Mama Kapinga, muchuuzi wa samaki anayekuletea hii barua, anarudi huku kwa njia ya mupaka ya Kasumbalesa akimaliza kuuzisha, panda naye. Mulamu akikataa, musomee ile ya kitanda, kwa sauti, na umuangalie usoni.

Nisalimie mama, mwambie Nadège anamuota. Nisalimie mulamu mwenyewe, hata kama nimemusema. Nisalimie Trésor, mutoto wako mukubwa, ile ndala alimutumia dada yake iko hapa chini ya kitanda, imengoja miguu. Na kama mu jamaa ya baba Nadège kuko mutu alisikia habari yake tangu tulivuka na yeye akabaki ng'ambo, uniandikie, hata ikiwa mbaya.

Kitambaa kiko tena ku mikono yetu. Mara hii fundo nimefunga mi, na mukono yake ingine iko na sindano ya maji, hawezi kuifungua. Naandika hivi, anavuta. Nimegeuka. Haumwi. Alitaka tu kuona kama nitageuka.

Mudogo wako anayekungoja pa barabara,
Béatrice