Kuhusu Bwana Lifti na Mechi Anayodai Aliiona

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Nisamehe kwa kimya changu. Barua yako ya mwaka jana niliipokea, nikaisoma, nikaiweka juu ya redio nipate kuijibu, nayo ikakaa hapo. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nangoja jambo moja liishe ili nikuandikie likiwa limekwisha. Halikuisha, na ndiyo sababu naandika.

Kwanza salamu. Hujambo? Shemeji yangu hajambo? Mgongo wake umepona, au bado anashuka ngazi upande upande? Na wale pacha wamekwisha kujifunza kuandika barua, au wataendelea kuniletea picha za jua lililovaa miwani? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika na la kulia limeanza kufuata mkumbo. Mke wangu anakusalimu, naye anasema katika ile picha umekonda. Paa lilivuja wakati wa mvua, likazibwa, likavuja pengine.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako anataka kuolewa.

Najua umeinuka kitini. Kaa. Amekuwa mjane kwa muda mrefu, anaishi hapo chini yetu, anashona mapazia yake, wala sikuwahi kumsikia akimtaja mwanamume yeyote isipokuwa mwenye duka la vitambaa, naye humtaja kwa kumteta. Mwaka jana alipeleka mapazia katika jengo moja la ofisi, lifti ikakwama naye yumo ndani, na fundi aliyekuja kumtoa ndiye huyu. Nyumbani tunamwita Bwana Lifti, na siku hizi hata yeye anaitikia. Mkewe alifariki zamani, watoto wake ni watu wazima, na kazini amebakiza kidogo astaafu. Sina ushahidi kwamba lifti aliikwamisha mwenyewe. Najiuliza tu ilikuwaje fundi akawa karibu kiasi kile.

Wote wawili walikuja juu wakaniomba baraka. Nikasema nitafikiri. Tangu siku hiyo Bwana Lifti akaanza kuja kila Jumamosi, viatu vinang'aa, mkate mkononi, kutazama kriketi pamoja nami. Wewe unaijua nyumba hii. Mtu akitaka kuniingia, mlango uko hapo kwenye kriketi, na huyu aliujia mlango moja kwa moja kama aliyeelekezwa.

"Kaka, nasikia wewe ni mtu wa kriketi," alisema kabla hata hajakaa.

"Umesikia kwa nani?"

"Aa, mtaa mzima unajua."

Mtaa mzima haujui. Muuza mboga wa hapa chini bado anadhani nilikuwa nacheza mpira wa magongo. Basi nikaamua kumpima.

Nilianza na ile nusu fainali ya Kombe la Dunia iliyoharibiwa na mvua. Naamini hujaisahau. Tuliisikiliza wewe ukiwa umeishika antena kwa mkono kwa sababu ukiiachia sauti inapotea. Timu iliyokuwa ikipiga ilihitaji mikimbio ishirini na miwili kwa mipira kumi na mitatu, yaani jambo linalowezekana kabisa, mvua ikanyesha dakika chache tu, na waliporudi uwanjani ubao ukaonyesha mikimbio ishirini na miwili kwa mpira mmoja. Ulitupa kiatu chako ukutani. Nikamwuliza Bwana Lifti ubao ulisemaje, naye akanijibu kwamba ubao ulisema ishirini na miwili, lakini waliopiga hesabu sawasawa walipata ishirini na mmoja. Sikumsifu. Jambo hilo limeandikwa magazetini, mtu yeyote anaweza kulisoma.

Jumamosi iliyofuata nikamletea ile nusu fainali nyingine iliyoisha sare. Mikimbio imelingana, umebaki mmoja tu, mpigaji mmoja anakimbia kama anafukuzwa na mbwa, mwenziwe amesimama anautazama mpira, halafu anashtuka, anaangusha gongo, anakimbia mikono mitupu amechelewa. Nikamwuliza mkosaji alikuwa nani. Unajua mimi na wewe tumegombana juu ya swali hilo mpaka mama akatuchomolea redio. Yeye akasema, "Kaka, wewe unaonaje?" Nikasema mkosaji ni aliyekimbia. Akasema, "Kweli kabisa." Mtu anayekubali upesi namna hiyo humuoni anafikiri nini. Nilianza kumwangalia vizuri zaidi.

Nami katika Jumamosi ya tatu nikaitoa mechi yetu wenyewe, ile wageni walipokuja na nyota wao wote, magazeti yakaandika kwamba watatumaliza kabla ya chakula cha mchana, tukawashinda.

"Siku ile ulikuwa wapi?" nilimwuliza.

"Nilikuwapo, kaka."

"Uwanjani?"

"Uwanjani. Chini ya ubao wa matokeo."

Akanisimulia wiketi ya mwisho, mpigaji wao wa mwisho alivyodakwa. Nahodha wetu akikimbia kinyumenyume, jua machoni, akijirusha, mkono ukipita juu ya nyasi. "Vidole viwili, kaka, viwili tu! Mpira umelala juu yake kama yai."

Ndugu yangu, hapo nikamkamata. Mimi na wewe tulikuwa chini ya ubao ule ule. Mpira ulipopaa, uwanja mzima ulisimama. Mbele yako palikuwa na bwana mmoja mwenye kofia pana, mbele yangu mama aliyembeba mtoto mabegani. Tuliona migongo. Ulinivuta shati ukauliza, "Kadaka? Kadaka?" nami nikasema sijui, na tulijua kwa kelele. Vidole tuliviona baadaye, katika televisheni ya jirani, vikirudiwa polepole. Kwa hiyo aliyekaa chini ya ubao hakuona vidole, na aliyeona vidole hakukaa chini ya ubao. Mtu huyu alikuwa ananidanganya kitini pangu mwenyewe, na huku anakula mkate aliouleta.

Nilimwacha amalize mkate wake. Alipoondoka nikashuka kwa dada yako. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, pazia la kijani limemfunika magoti.

"Mtu wako ni mwongo," nikamwambia.

Hakuacha kukanyaga. "Kuhusu nini?"

"Ile mechi. Hakuwapo."

"Najua hakuwapo."

Nikadhani cherehani imenizuia kusikia. Nikamwomba aisimamishe.

"Aliniambia siku ile ile ya lifti," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha aseme alikuwapo."

"Wewe! Kwa nini?"

"Kwa sababu yule mwalimu wa hesabu alisema hakuwapo."

"Mwalimu gani wa hesabu?"

"Unaona? Hata humkumbuki. Alikuja kunichumbia, kaka. Ukamwuliza swali moja tu, kama alikuwapo uwanjani. Akasema hapana, hapendi kelele. Ukamwonyesha mlango."

Mdogo wangu, mtu huyo namkumbuka sasa. Nilidhani alikuja kuazima ngazi. Nilimpa na ngazi yenyewe, akaondoka nayo, wala hakuirudisha, jambo ambalo mpaka leo linanifanya nimwone kuwa si mtu wa kuaminika.

"Haya," nikasema, "na vidole je? Nani kamwambia habari za vidole?"

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Wewe."

"Mimi?"

"Vidole viwili, mpira kama yai! Hilo yai ni lako. Kila mgeni akija lazima ale yai. Nimelisikia nikiwa jikoni tangu nywele zako zingali nyeusi. Nimempa kama nilivyolipokea, sijapunguza wala sijaongeza."

Mke wangu, ambaye alikuwa ameshuka kuazima kibiriti na akasahau kurudi, alisema ni kweli. Sikuwauliza zaidi. Mimi sina desturi ya kutia chumvi, na sikumbuki yai lolote. Lakini tangu siku hiyo kila nikifumba macho kuiona mechi ile, naviona vidole waziwazi kabisa, na ile migongo inazidi kufifia. Kwa hiyo nakuomba, maana wewe tu ndiwe uliyekuwa pamoja nami: niandikie ulichokiona kwa macho yako, usiniandikie nilichokusimulia mimi. Yule bwana wa kofia alikuwapo, au naye nimemtunga?

Bwana Lifti nilimwita kabla ya Jumamosi yake. Alikuja na nguo za kazi, hana mkate, na akabaki amesimama.

"Nilidanganya, kaka."

"Kwa faida gani?"

"Nilitaka kuingia."

"Kuingia wapi?"

"Hapa," akasema, na akaonyesha tu sebule, makochi, televisheni, mimi.

Nikamwambia akae aniambie siku ile alikuwa wapi kweli. Akasema alikuwa kazini, ndani ya shimo la lifti la jengo refu, amesimama juu ya paa la lifti yenyewe, na redio yake ndogo ameining'iniza kwenye waya. Akiwa ghorofa za juu redio inashika, akishuka inakuwa bubu. Basi siku nzima akakagua ghorofa za juu, mpaka msimamizi akamsifu kwa bidii. Wageni wakabakiza wiketi moja. Mrushaji anaanza kukimbia, na mwenziwe aliyekuwa chumba cha mitambo, akidhani kazi imekwisha, akaishusha lifti bila kumwuliza.

"Redio ikafa," akasema. "Niko gizani nashuka. Napita ghorofa ya tano, nasikia watu wanapiga kelele. Ya nne, kelele. Ya tatu, mtu anapiga meza. Sijui wanalia au wanashangilia! Nikifika chini nafungua mlango, namwuliza bawabu, 'Vipi?' Ananiambia, 'Vipi nini?'"

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilijizuia. Nilimwuliza mara mbili jinsi lifti inavyoweza kushushwa mtu akiwa juu yake, akanieleza, akanichorea na kidole juu ya meza. Baadaye nikamtafuta fundi mwingine wa lifti, asiyemjua, nikamwuliza. Akasema ni kosa kubwa kazini lakini linawezekana. Hata hivyo mafundi huteteana. Na nikwambie ukweli, hadithi hii ni nzuri mno. Ya kwanza ilikuwa ya uongo nikaikamata kwa sababu ilikuwa yangu. Hii sijui niikamate wapi.

Nilimwambia dada yako kwamba bado nafikiri. Akaweka mkasi chini.

"Fikiri, kaka. Nilikuomba baraka, sikukuomba ruhusa. Siku tumekwisha kuipanga, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, hapahapa chini, watu wachache. Kiti chako kitakuwa mbele. Ukija utakikalia. Usipokuja, sitamkalisha mtu mwingine. Watu wakiuliza cha nani, nitawaambia cha kaka yangu, yuko juu anafikiri."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu.

Jana Bwana Lifti alikuja tena, sikumwita. Alikaa mwisho wa kochi, karibu na mlango. Katika ova za mwisho, mechi inakaribia kuisha, mpira ulimgonga mpigaji mguuni, mwamuzi akanyoosha kidole kumtoa, nami nikasema ametoka kihalali. Yeye akasema hakutoka, mpira ulikuwa unapita pembeni ya vijiti, usingeviangusha. Nikamwambia avae miwani. Akaniambia miwani anayo, tatizo liko kwa aliyekaa upande wa dirisha. Tukabishana mpaka mechi ikaisha hatujui nani ameshinda. Ilikuwa mara ya kwanza kunipinga. Sikupenda hata kidogo, na ninajiuliza kama na hilo nalo amefundishwa. Lakini alipoaga nilimfungulia mlango mimi mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya Jumamosi nyingine yoyote.

Nisalimie shemeji na uwaambie pacha jua halihitaji miwani. Msalimie pia mjomba ukimpigia simu, na yule binamu yetu mpishi, umwambie sahani zake bado ziko kwetu. Dada yako anakusalimu sana, naye hajui kwamba nakuandikia haya, kwa hiyo ukimjibu jifanye umeshangaa. Mungu awalinde nyote, awape afya na usingizi, atukutanishe tungali tunafahamiana.

Yeye amekwisha kuamua. Ambaye hajaamua ni mimi, kama nitashuka ngazi siku hiyo au nitasikiliza kelele za chini nikiwa huku juu, nisijue wanacheka nini. Nikishaamua nitakuandikia, nawe hutangoja mwaka.

Ndimi nikupendaye bila kupungua,

Kaka yako mkubwa